Siku Niliyochorwa Nyuma ya Sosho

Sitaki mtu anihurumie na sitaki mtu acheke, ingawa najua mtacheka, kwa sababu hata saa hii nikiandika nimefunika uso na mkono mmoja kama vile kuna mtu ananichungulia. Aibu niliyopata Jumamosi haiishi kwa kulala, nimejaribu. Lakini kabla ya aibu kuna hasira, na hasira ndiyo inaniandikisha, maana kila mtu aliyekuja pale alienda nyumbani na kitu chake, huyu divai tumboni, yule picha mkononi, isipokuwa mimi, na mimi ndiye nilikuwa katikati.

Wacha nieleze vile mambo yalivyoanza. Niko gredi ya tisa na mwaka huu lazima tuchague mkondo wa sekondari ya juu. Mimi nataka sanaa. Mama anataka sayansi. Mama anapakia biskuti kwa kampuni moja Industrial Area, anasimama kutoka asubuhi hadi jioni, na anasema hakusimama miaka hiyo yote ili mimi niende kujifunza kuchora, kwa sababu kuchora kila mtu anachora, hata kuku akikanyaga matope amechora. Tulibishana wiki nzima (yaani yeye alibishana, mimi nilinuna, mimi sauti yangu huwa inapotea watu wakiniangalia) mpaka akachoka, akasema:

"Niletee picha moja ya rangi. Moja tu, niione na macho yangu. Nikiona kitu, nitanyamaza. Nisipoona kitu, ni sayansi, na sitaki kuona mtu amevuta mdomo hapa."

Sasa rangi nitatoa wapi? Mimi nina biro na penseli. Hapo ndipo anti Njeri, dada yake mama, akaingia kama malaika. Anti hupika samosa, na alikuwa amepewa kazi ya kuleta vitafunio kwa darasa la kuchora hapa kwetu Mbotela, kwenye nyasi nyuma ya sosho, ule ukumbi wa mtaa. Ni mambo ya kisasa: watu wakubwa wanakuja Jumamosi, wanakaa nje, wanafundishwa kuchora huku wakinywa divai na kula samosa. Anti akamwomba mwalimu wa hilo darasa, jamaa anaitwa Otis, aniachie kiti kimoja, mimi nipewe soda badala ya divai.

"Nimekuwekea mahali pa kukaa," anti akaniambia. "Ukifika mwambie tu wewe ni wa Njeri. Mimi nikishusha samosa naenda Kariobangi kupeleka zingine."

Basi nikavaa blauzi nyeupe ya kanisa (kosa la kwanza, nani huvaa nyeupe kwenda penye rangi?) nikaenda mapema, anti akiwa ameshaondoka. Nikasimama kando ya ukuta. Otis alikuwa amevaa aproni na kofia bapa iliyolalia upande mmoja, anazungumza kwa simu amekasirika, "Ati hukuji? Unaniambia saa hii?" Akakata simu, akageuka, akaniona.

"Wewe ndiye wa kukaa?"

Jamani. Nyinyi mngejibu nini? Anti amesema ameniwekea mahali pa kukaa, na huyu ananiuliza kama mimi ndiye wa kukaa. Nikatikisa kichwa ndiyo. Hata jina la Njeri sikulitaja, nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia yote lakini halikutoka.

"Asante Mungu," Otis akasema. "Kaa pale."

Pale palikuwa na stuli moja katikati ya nyasi. Nikakaa. Wakaanza kuja, watu kama kumi hivi, wengine na miwani ya jua, wakakaa kwa viti vilivyonizunguka, kila mtu ana kanvasi yake kwenye stendi, ana brashi na glasi. Mimi sina stendi. Nikajiambia labda zimepungua, wataniletea. Mama Shantel naye akaja, yule mwenye saloon karibu na geti letu, akakaa moja kwa moja mbele yangu na glasi yake imejaa hadi juu. Otis akapiga makofi.

"Karibuni! Leo tunafanya sura ya mtu. Tunaanza na kichwa. Angalieni kichwa chake."

Watu wote wakaangalia kichwa changu.

Mimi, ambaye darasani nikiitwa kusoma mstari mmoja natokwa jasho. Mimi, ambaye hupita njia ya nyuma ya choo cha zamani ili nisisalimie watu dukani. Nikafungua mdomo nimwambie Otis kuna makosa, mimi nilikuja kuchora, nikafika tu "Lakini mimi..." na yeye akainua kidole.

"Usifungue mdomo, mrembo. Madam hapa anachora mdomo."

Nikafunga. Aki ya nani, nilifunga!

Kama mna komwe kama langu, paji la uso lililotokeza mbele, mtanielewa. Si kubwa vile watu wanasema, lakini liko. Nikakaa pale nikisikia watu wazima, wenye kazi na familia, wakilijadili kama shamba.

"Mwalimu, kahawia yangu imeisha na bado niko kwa komwe."

"Ongeza maji kidogo, itafika."

"Nywele zianzie wapi sasa? Mbona kanvasi inaisha?"

Na divai ilivyokuwa ikishuka kwa glasi ndivyo maswali yalivyozidi kuwa ya kijinga. Sinia ya samosa za anti yangu mwenyewe, nilizosaidia kukunja usiku uliotangulia, ikanipita kushoto, ikanipita kulia, na hakuna mtu aliyefikiria kwamba kitu kinachochorwa kina tumbo. Tumbo likanguruma. Mama Shantel akacheka, akasema, "Usijali, sauti sichori."

Kisha watoto wa hapa kwetu wakapanda ukuta wa sosho. Mnajua vile hapa mtu akifanyiwa aibu tunasema amechorwa. Kwa hivyo fikirieni furaha yao.

"Oyaa! Kujeni muone! Ciku amechorwa!"

"Amechorwa na watu kumi!"

"Huyo ako kwa ile picha ya pembeni anakaa kama kiazi!"

"Wewe ni muongo, kiazi ni kizuri kuliko hivyo!"

Wakaenda kuita wengine. Kina mama waliokuwa wakianika nguo wakaja na beseni zao. Muuza smokie, zile soseji, akasogeza mkokoteni wake karibu, akauza vizuri sana, hata huyo alifaidika. Mimi nimekaa nimekauka, machozi yamejaa lakini nayazuia kwa sababu najua mtu atauliza yanachorwaje.

Jua likapanda, kivuli kikahama. Mtu mwenye akili angeniambia nisimame nisogee. Otis alisema, "Usiharibu mkao," akaita jamaa mmoja wainue stuli mimi nikiwa juu yake. Wakainua. Wakanishusha karibu na bomba, pale nyasi huwa imelowa siku zote, mguu mmoja wa stuli ukazama, nikaenda kinyumenyume na mikono hewani mpaka kwa meza ya chupa. Divai nyekundu ikanimwagikia kutoka kola hadi kiunoni. Ukuta mzima wa watoto ukapiga kelele kama Gor imefunga bao.

Na Otis, badala ya kuniinua kwanza, akawageukia wanafunzi wake: "Mmeona mwili ukianguka? Mmeona hiyo mistari?"

Ndipo hasira ikanipa sauti, ndogo lakini ilitoka. "Mimi si wa kukaa. Mimi ni wa Njeri. Nilikuja kuchora."

Akaniangalia. "Sasa si ungesema?"

Si ungesema! Mtu amenifunga mdomo kwa kidole, ananiuliza si ningesema! Nikamwomba kanvasi, hata ndogo. Akasema zimeisha zote, na kweli watu walikuwa tayari wanakunja viti. Nikaona picha ya kumpelekea mama inaondoka hivi hivi, na pamoja nayo sanaa, na miaka mitatu yangu yote inayokuja.

Mama Shantel akanionea huruma. Afadhali angenichukia. Akatoa kanvasi yake kwa stendi akaniwekea mikononi. "Chukua mrembo, zawadi yangu. Usilie. Umetoka poa."

Sikuwa nimetoka poa. Nilikuwa nimetoka mzee wa miaka sabini aliyeumwa na nyuki. Na rangi ilikuwa mbichi, kwa hivyo sikuweza kuigeuzia kwangu, ilibidi niishike mbele yangu imeangalia nje, nikapita nayo katikati ya nyumba zote, uso wangu wa ukweli juu na ule mwingine chini, na blauzi inanuka kama baa.

"Ciku, unampeleka wapi huyo mzee?" mama mmoja akaniuliza kutoka dirishani. Nikaongeza mwendo.

(Mtauliza kwa nini sikuitupa. Nilifikiria. Lakini mtoto aliyeenda kuchora akirudi mikono mitupu, ananuka divai, mama yake atafikiria nini? Angalau kanvasi ilionyesha kulikuwa na darasa.)

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua dengu kwa ungo. Aliona blauzi kwanza.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akanusa.

"Imenimwagikia, Mama. Nilianguka."

"Hm." Ndipo akaangalia picha. Akaiangalia kwa muda, akainamisha kichwa upande, akakirudisha. "Nani huyu?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe umechora. Nauliza umechora nani. Ni marehemu babu yako?"

"Mama, huyo kwa picha ndiye mimi. Lakini si mimi nimechora. Ni Mama Shantel."

"Mama Shantel wa saloon? Kwani Mama Shantel anajua kuchora?"

"Hajui! Ndiyo maana inakaa hivyo!"

Mama akaweka ungo chini. Akaniangalia na ile huruma ya watu wa hospitali. "Ciku. Usikatae kazi yako. Ni mbaya, lakini ni yako. Umejaribu, tumeona. Sasa ni sayansi, na hakuna mtu amekufa."

Nilihisi kitu kikipasuka. Nimeitwa kiazi, nimenyimwa samosa, nimemwagikiwa, nimetembezwa kama bango, yote nikanyamaza, lakini kuambiwa kwamba mkono wangu ndio ulifanya ile takataka? Hapana. Niliingia ndani nikachukua boksi moja ya biskuti ambazo mama huleta kutoka kazini, nikaipasua, nikakaa chini pale pale kwa simiti na biro.

Kuna kitu ambacho Otis na watu wake hawakukifikiria. Wao walikuwa wakiniangalia mara moja, wanaangalia kanvasi, wanaangalia samosa, wanaangalia simu. Mimi nilikuwa nimekatazwa kutingishika. Kazi yangu yote asubuhi ile ilikuwa kuwaangalia wao. Nilimchora Mama Shantel na glasi ameishika kwa vidole vitatu, ulimi umetokea pembeni vile huwa unatokea akivuta brashi, kidevu kimejikunja mara mbili kwa kutazama chini, jicho moja limefumbwa ananipima na kidole gumba. Nyuma yake Otis na kofia yake, mdomo wazi, hasikilizi mtu. Sikufuta hata mstari mmoja, biro haifutiki. Nikampa mama.

Mama aliisogeza kwenye mwanga. Halafu bega likaanza kutikisika. Akacheka mpaka dengu zikamwagika. "Ni yeye! Ngai, ni Mama Shantel mzimamzima! Hata vile hushika kitu kama hataki kimchafue!" Akapangusa macho na lesu, akaiangalia tena, safari hii bila kucheka, akapitisha kidole kwa ule mstari wa ulimi. "Nani alikufundisha hii?"

"Hakuna mtu." Nikamweleza yote, kuanzia stuli hadi divai.

"Na hawa watu walikuwa na wewe pale asubuhi nzima wakakufanya stuli?"

"Ndiyo."

Sasa hasira ikawa ya watu wawili. Alitaka kwenda sosho vile alivyo, na ndara, nikamzuia. Jumatatu akapitia shuleni kabla ya kazi, akamwambia mwalimu wa darasa kwamba ni sanaa, kwa sauti ya mtu anayeripoti kupotelewa na mbuzi, na kwamba hesabu ikishuka atarudi.

Kwa hivyo nilipata nilichotaka, msiniulize mbona bado nimenuna. Nimenuna kwa sababu mama amekataa kuitupa ile kanvasi, anasema ni kitu kizima, amefunikia pipa la maji, na kila asubuhi nikienda kuchota najikuta nimelala pale kama mzee aliyeumwa na nyuki. Nimenuna kwa sababu anti Njeri alicheka hadi akaomba maji. Na nimeapa, mtu akiniuliza swali nusu nitamuuliza ile nusu nyingine, hata sauti ikitetemeka, hata kama amevaa aproni.

Na ile ya boksi? Mama aliipeleka kazini kuwaonyesha wenzake, ikazunguka, ikapigwa picha, ikafika saloon. Mama Shantel sasa hanisuki. Amewaambia wateja wake kwamba mimi ni mtoto asiye na adabu, nimemchorea kidevu cha pili ambacho hana.

Anacho. Nilikiangalia asubuhi nzima bila kutingishika.