Kompyuta Iliyolala Wakati wa Adhuhuri

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta huko Frere Town, kijana wa maneno mengi na subira haba. Mafundi tulikuwa wachache, kiburi chetu kingi. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma.

Nikaitwa Changamwe, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Karani wao wa kupiga chapa alikuwa mama wa makamo kutoka Likoni, aliyetumia taipureta miaka mingi kabla ya kuletewa kompyuta mpya. Kibodi ilichomekwa kwenye tundu la duara la zamani, lakini kipanya na printa vilitumia USB, kitu kigeni wakati huo hata kwetu mafundi. Lalamiko lilikuwa moja: kila mchana kipanya na printa hufa, mama huizima mashine kwa nguvu, na barua alizokuwa akiandika hupotea.

Mwenye ofisi, mtu wa bara, alinipokea mlangoni. "Fundi, huyu mama anatuharibia mashine. Amezoea taipureta, mkono wake ni mzito."

Nilimwamkia mama, nikaketi kwenye kiti chake, nikasukuma kipanya huku na huku. Kizima. Nikachapa ukurasa, ukatoka. Kando palikuwa na kitambaa cha kufuma, ambacho mama huifunikia mashine kila anapokwenda kuswali, isiingie vumbi la malori. Nikashikilia hicho hicho. Nikaandika kwenye karatasi ya kazi: mtumiaji anaifunika mashine, inapata joto. Mara ya pili nikaandika kwamba anachomoa nyaya ovyo. Mara ya tatu, nikiwa nimekasirika kuitwa bure, nikaandika kwamba mama huyu hafai kuachiwa kompyuta. Zote nilimpa mwenye ofisi, naye akazitia kwenye faili la mama.

Mara ya nne malori yalifunga barabara, nikafika adhana ya adhuhuri ikilia. Mwenye ofisi akaniambia nikague mara ya mwisho. Mwisho wa mwezi mama angeachishwa kazi, na karani mwingine alikwishapatikana. Alilisema hilo mama akisikia. Mama alikuwa mjane, na watoto wake wawili walikuwa bado wanasoma.

"Mwanangu," mama akaniambia, akichukua mkeka wake wa kuswalia, "leo keti hapo. Usiiguse mpaka nirudi. Wallahi usiiguse."

Mimi sijui kukaa bila kushika kitu. Nikafumbata mikono kama mwanafunzi wa madrasa. Mashine ikakaa, ikakaa, kisha kioo kikazimika: imelala yenyewe. Hapo nikagutuka. Mara zote tatu nilikuja asubuhi, mashine iko macho, na mikono yangu haikuipa hata nafasi ya kusinzia. Sikuwahi kuiona ikiamka.

Mama akarudi, akabonyeza kitufe kimoja cha kibodi kwa kidole chepesi. Kioo kikawaka. Akasukuma kipanya, mshale haukusogea. Printa kimya. Nikachomoa nyaya, nikazichomeka tena, wapi! Kwa kibodi nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta alama ya njano kwenye kidhibiti cha USB, yaani sehemu inayoendesha matundu yale. Mashine ilipolala ilikikatia umeme, na ilipoamka haikukiamsha. Nikaondoa alama ya vema kwenye ruhusa ya kukizima, nikailaza, nikaiamsha: bado. Nikaiwasha upya, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, nikaiamuru ilale usingizi mwepesi, usiokata umeme wa matundu. Nikailaza tena na tena. Kila mara iliamka na kipanya chake.

Niliona haya, haya ya kweli. Nikamweleza mwenye ofisi kwamba kosa ni la mashine, na kutoliona ni kosa langu.

"Basi mama abaki," akasema, akaniletea faili nizifute zile karatasi.

Nikapiga mstari kwenye kila moja, nikatia sahihi. Mama akanyoosha mkono azipokee. Hakuwa amewahi kuzisoma. Alizisoma polepole, moja baada ya nyingine, ile ya tatu mara mbili. Kisha akanirudishia.

"Mwanangu," akaniuliza, bila hasira, "mimi ulinijua wapi?"