Mishikio ya Ngozi

Mtunza jezi wa chuo alikuwa na vidole vilivyoingiwa na nta mpaka kwenye kucha, na alikuwa hasemi neno mpaka akate uzi kwa meno. Fahari yake ilikuwa mishikio ya ngozi aliyoishona kiunoni mwa suruali, ili katika mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, mbeba mpira akikwama katikati ya wapinzani, wenzake wamkamate hapo wamvute mbele. Kila Jumatatu ya msimu ule wa 1904 alitundika suruali moja moja kwenye ndoano ya chuma, akaning'inia kwenye mshikio kwa uzito wake wote, kisha akaguna: "Hauachii huo."

"Mzee, huo si ungemtoa ng'ombe kisimani!" Amundsen, mchezaji wa akiba, alikuwa akimtania.

Kwenye mechi ya nne ya ligi ya vyuo vya Iowa, Tollefsen, mbeba mpira wa chuo, alikwama. Wenzake wawili wakamvuta kwa mishikio, wapinzani wakamng'ang'ania shingo. Mishikio haikuachia. Alizikwa Jumanne.

Jumatano kocha akamleta Amundsen. "Mshonee huyu. Jumamosi anashika nafasi ya marehemu." Akaondoka.

Mzee alimpima kiuno, akashona upesi, akakata uzi kwa meno. Ndoano hakuigusa. Amundsen alivaa, akavuta mshikio kwa kidole kimoja, ukabanduka wote.

"Mzee, huu umeachia!"

Mzee aliuchukua, akaurudishia kwa mishono miwili milegevu, huku akitupia jicho mlangoni alikopita kocha.

"Vaa hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Na ufunge mdomo."