Kahawa Chini ya Nyasi

Jumamosi iliyopita nilipanda Kamachumu kwa misa ya kumbukumbu ya bibi yangu, na kitu cha kwanza kilichonipokea nyumbani kwake ni ubaridi wa vigae. Nilivua viatu mlangoni kwa mazoea, nikaingiza mguu, nikaurudisha. Sebule ambayo nyayo zangu ziliijua kama shavu linavyoujua mto sasa inang'aa kama duka la simu.

Baada ya sala ikaja kahawa ya kutafuna. Kwetu Uhayani kahawa huchumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Mgeni hupewa punje mbili tatu kabla hata hajaulizwa habari za njiani. Anayezigawa, mkono kwa mkono, ni mwanamke mkubwa wa nyumba, na kwa kuwa bibi hayupo, mkubwa sasa ni shangazi yangu. Sahani ikapelekwa kwake. Akatikisa kichwa, akamwashiria mke wa binamu yangu agawe yeye. Watu wakaendelea na mazungumzo yao. Mimi nikatazama chini, pale karibu na mlango nilipokuwa nikikaa utotoni, kana kwamba vigae vingefunguka vinishtaki.

Ngoja nikueleze nyumba ile ilivyokuwa.

Nilipokuwa darasa la tano, bibi alikuwa wa mwisho katika majirani zetu kutandika nyasi ndani. Wenzake wote walikwisha kuweka saruji na mikeka ya plastiki. Yeye alikataa. "Saruji haimjui mtu," alikuwa akisema. "Nyasi zinakumbuka ulipokaa." Kila Ijumaa nikitoka shule tulikwenda rweya, ule uwanda wa majani nje ya migomba, yeye na mundu, mimi na kamba. Jumamosi asubuhi nyasi za zamani zilikunjwa zikatolewa, mpya zikatandazwa kuanzia ukuta wa ndani kuelekea mlangoni, na juu yake bibi akanyunyuza mchaichai uliokatwakatwa. Wewe uliyewahi kulala kifudifudi juu ya nyasi za siku hiyo, ukisikia maharage yakitokota jikoni na mvua ikija kutoka ziwani, huhitaji kuelezwa zaidi.

Shangazi aliletwa mwaka wa tetemeko. Alikuwa akiishi Ijuganyondo na mwanawe wa miaka mitatu. Siku ile alikuwa nje anamenya ndizi, mtoto amelala ndani. Ukuta ulipoanguka, wanaume walikuja na majembe, lakini walimkuta ameshamfukua mtoto kwa mikono, hana uhai. Alifika kwa bibi vidole vyote kumi vikiwa vimefungwa bandeji.

Hakuwa akipiga kelele kama watu walivyotarajia. Alitwanga, alichota maji, alicheka hata. Ila hakuweza kulala chini ya dari. Alilala kibanjani, katikati ya migomba, amejifunika blanketi. Na lori la ndizi likipita barabarani, likatikisa vikombe kabatini, alikimbia nje akimshika mtoto yeyote aliye karibu. Siku moja mtoto huyo nilikuwa mimi. Alinivuta mpaka chini ya mgomba, akakibana kichwa changu kifuani mwake, na nikausikia moyo wake ukienda mbio wakati lori lilikuwa limeshafika sokoni.

Bibi alimwita padri. Halafu, kimyakimya, akamwita mganga. Halafu akasema, "Mpeni kazi. Mtu mwenye kazi ya mikono huzuni humpitia mbali." Kazi aliyompa ndiyo hiyo ya kahawa: kuipika, kuianika, na kuwagawia wageni. Bibi alidhani anampa heshima. Hakujua watu walikuwa wanasema nini.

Walisema juu ya mikono ile.

"Imefukua maiti, waitu, na haijaoshwa," jirani yetu alimwambia mwenzake bombani, kwa lile "waitu" letu la "jamani", mimi nikiwa nyuma yao na dumu langu. "Mimi nipokee kahawa pale?"

"Utakataaje? Kukataa kahawa ni kukataa mtu."

"Nani kasema nakataa? Napokea, nashukuru, naweka mdomoni. Kumeza je, nani ananikagua?"

Wakacheka. Shuleni wenzangu walikuwa na yao: "Tafuna kahawa ya shangazi yako, utaona kuta zinatembea!" Nami nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikwisha kuziogopa kuta.

Alasiri moja wageni walijaa, katekista wetu na yule jirani wa bombani wakiwamo. Shangazi alipita na kikapu kidogo cha ukindu, akimwinamia kila mmoja. Makovu yalikuwa bado mekundu kuzunguka kucha. Alipofika kwangu alitabasamu, akaniwekea punje mbili kiganjani. "Na wewe umekuwa mgeni leo, mwanangu." Nikasema asante. Nikapeleka mkono mdomoni, nikatafuna hewa. Kisha nikateremsha mkono taratibu, nikazisukuma punje chini ya nyasi.

Sikufikiria Jumamosi.

Jumamosi ilipofika, ya kwanza tangu aanze kugawa kahawa, aliyekunja nyasi ni shangazi. Alianzia ndani, nilimsikia akiimba kidogo. Wimbo ukakatika. Nilichungulia mlangoni nikamkuta amepiga magoti. Chini ya alipokaa katekista palikuwa na punje tatu. Chini ya alipokaa jirani, rundo zima, nyingine zimevunda, za wiki nzima. Alikuwa anaziokota moja moja, anaziweka kwenye pindo la kanga. Chini ya kigoda cha bibi hapakuwa na kitu. Bibi peke yake alikuwa anatafuna.

Akasogea mpaka mlangoni. Akainua nyasi za mahali pangu. Mbili.

Aliziangalia muda mrefu kuliko nyingine zote. Halafu akainua macho.

"Hata wewe, waitu?"

Nilikimbia. Nilijificha kibanjani, mahali palepale alipokuwa akilala, mpaka njaa iliponitoa. Niliporudi nyasi mpya zilikuwa zimetandazwa, nzuri, bila unyasi uliokaa vibaya, na kikapu cha ukindu kimening'inizwa kwenye msumari. Shangazi hakukigusa tena. Wageni walipokuja alikuwa akiondoka kwa mlango wa nyuma.

Miaka miwili baadaye muuguzi mstaafu alihamia jirani. Alikaa na shangazi mchana mzima, akamsikiliza, kisha akamwambia bibi mbele yetu sote, "Mama, huyu hana pepo wala mkosi. Mwili wake uko hapa, akili bado iko chini ya ule ukuta. Ni ugonjwa, na una matibabu." Bibi alilia kwa hasira, akisema mbona hakuna aliyetuambia mapema. Shangazi akaanza kwenda kliniki Bukoba mjini. Leo analala ndani. Lori likipita anafumba macho, anahesabu, anayafumbua. Tunasema amepona, na kwa sehemu kubwa ni kweli.

Lakini ile sehemu tuliyoifanya sisi haikuwa kwenye kifusi, na hakuna aliyemuuliza habari zake.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, wageni walipopungua, nilikwenda kukaa sakafuni miguuni pake. Sahani ilikuwa juu ya meza, imebaki na punje chache. Nikakinga viganja viwili, kama mtoto.

"Shangazi, nipe kahawa."

Alinitazama, akaitazama mikono yake. Makovu yamekuwa meupe sasa. Nilidhani ananyoosha mkono, kumbe anaikunja kanga yake mapajani.

"Ipo kwenye sahani, mwanangu," akasema kwa upole kabisa. "Chukua mwenyewe."

Nikachukua. Nikatafuna zote mbele yake, chungu, mpaka ya mwisho. Alikuwa ameshageukia dirishani.