Injini Iliyopoa

Fundi wa kinu cha mafuta ya nazi hapa Changamwe haanzi kazi kabla hajaigusa injini yake ya mvuke kwa mgongo wa kiganja, kama mama apimaye homa ya mtoto. Ndivyo alivyozoea kukijua chuma kilichozidi joto. Lakini tangu tajiri alete mota ya umeme, tanuri la injini halijaona hata ukuni mmoja. Yeye bado husugua kutu kwa mafuta ya taa, hukaza nati, huinong'oneza bismillahi. Mwanasaumu, muuza mahamri wa langoni, zamani alimcheka. Siku hizi humwekea mawili ya moto na kugeuza uso.

Leo, Kenya ikingoja bendera yake mpya, wamekuja wakata vyuma na mitungi yao ya gesi, kuikatakata injini. Fundi hakubishana.

"Ngojeni kidogo, wanangu."

Akachukua kopo lake, akapaka mafuta kila kiungo cha injini, taratibu, mpaka wale vijana wakazima sigara zao. Moto wa gesi ulipoanza kulipasua tangi lake la mvuke, alisogea akaliwekea mgongo wa kiganja.

"Utaungua, baba!" Mwanasaumu akapiga ukelele.

"Niwache, mwanangu," akajibu, na mkono hakuuondoa. "Imepata moto."