Nilivyojivuta Kwenye Bango la Saluni

Nichekeni tu, maana ni wivu ulionifikisha hapa. Mie ni msusi kwenye saluni moja ya Mtoni, na tangu Neema aanze kazi pale, kila mteja anamtaka yeye. Mie mwenyeji wa miaka sita nimebaki kufagia nywele.

Mwezi uliopita bosi wetu, Mama Asha, alinipa kazi ya kutengeneza bango lenye picha zetu wawili. Roho yangu ikatulia. Picha ya Neema nikaipunguza mpaka ikawa kama ya kitambulisho. Halafu nikachukua picha yangu ndogo ya profaili, nikaivuta ikajaa karibu bango zima.

Fundi wa kuchapa akanionya. "Sista, picha yako ni ndogo, ukiivuta hivi itaharibika. Niletee ile yenyewe iliyotoka kwenye kamera."

Nikajua na huyu ni wa upande wa Neema. "Chapa hivyo hivyo," nikamjibu.

Jumamosi bango likapandishwa juu ya mlango, wateja wamejaa. Neema, mdogo pale pembeni, aling'aa mpaka hereni zikaonekana. Mie nilikuwa vigae vya kahawia, macho hayajulikani yalipo.

Bibi mmoja akasimama akashangaa. "Huyu mliyemziba sura ana kesi gani?"

"Shikamoo bibi," nikasema. "Huyo ni mie."

Akaliangalia bango, akaniangalia mie, kisha akaingia ndani na kukaa kwenye kiti cha Neema.