Siku niliyompeleka dereva wa miraa kufuata treni ya mafuta Nanyuki

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni wa kupita tu kwa nyuzi za watu, nacheka, naenda zangu. Leo nimeona nilete wangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mwenye kubisha picha ninayo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke wa Mikinduri, Meru, nafanya kazi ya ofisi Embu mjini, na ugonjwa wangu ni treni. Sio kupanda. Kupiga picha. Hasa za mizigo, na hasa zikivutwa na vile vichwa vya zamani vya dizeli vinavyonguruma mpaka unasikia kwa mbavu.

Najua mnachotaka kusema. Meru haina reli. Embu haina reli.

Ni kweli. Kupenda treni ukiwa mtu wa kwetu ni kama kupenda mtu anayeishi kaunti nyingine, kila ukitaka kumwona ni nauli.

Ugonjwa ulinishikia kwa mazishi karibu na Sagana, tulipoenda kumzika baba ya mwenzetu wa ofisini. Katikati ya mahubiri treni ya mizigo ikapita nyuma ya shamba, mhubiri akanyamaza aisubiri. Watu wote wakainamisha vichwa. Mimi nikatoka kwa hema, nikasimama kwa ua nikiangalia mpaka behewa la mwisho.

Wenzangu walidhani nimezidiwa na majonzi, wakaniletea maji.

Basi tangu siku hiyo nikanunua kamera, na wikendi zangu nyingi niko kando ya reli, Sagana, Karatina au Nanyuki. Mama yangu ameshazoea. Akiulizwa na watu wa kanisa Makena ameenda wapi, anasema nimeenda semina.

Sasa tuje kwa kakangu mdogo, Mwirigi.

Huyu alikuwa dereva wa pickup ya miraa, Laare kwenda Nairobi, karibu tangu apate leseni. Kama hujui kazi hiyo, ni hivi: miraa ikishakatwa, inaanza kufa. Ikichelewa inanyauka, na ikinyauka ni chakula cha mbuzi. Kwa hivyo dereva wa miraa hana habari na breki. Watu wa barabara yetu wanajua, ukiona taa zinakuwakia nyuma yako, unaingia kwa majani mwenyewe bila kuombwa.

Mwirigi alikuwa anasifiwa kwa hilo. Walisema hajawahi kukaa nyuma ya kitu chochote, hata ambulensi.

Sifa zilikuwa za vijana wa Laare. Nyumbani, mama hakuwahi kuzima simu usiku miaka hiyo yote. Alikuwa anailaza chini ya mto, na ikilia alikuwa anataja jina la Mwirigi kabla hajaishika.

Halafu pickup ya rafiki yake ikabingiria. Rafiki alipona, ila mguu ulivunjika vibaya. Mwirigi alimtembelea hospitali mara moja, akatoka hapo akarudisha funguo kwa tajiri wake, akaja nyumbani akakaa.

Bahati ikawa shule moja pale Mikinduri inatafuta dereva wa basi. Mwalimu mkuu ni Madam Kanana, mama mkavu asiyecheka bila sababu, na ndiye aliyenifundisha hesabu nikiwa mdogo. Aliangalia leseni ya Mwirigi, akamuuliza alikuwa anaendesha nini. Mwirigi akasema ukweli.

"Mimi siwezi peana watoto ya wenyewe kwa mguu ya Laare," Madam akamwambia. "Hiyo mguu inajua kitu moja tu."

Mwirigi akamsihi. Mwishowe Madam akamwambia arudi Jumatatu na kitu cha kumwonyesha kwamba anaweza kwenda polepole, kwa sababu maneno matupu hata yeye anayo.

Sasa jamani, mtu anaonyesha vipi kwamba anaweza kwenda polepole? Hiyo haina cheti. Mwirigi alirudi nyumbani akanyamaza, na kwa kijana anayeongea kama redio hiyo ni dalili mbaya. Alikuwa anaitaka hiyo kazi. Aliniambia kwa simu hajawahi kutaka kitu hivyo.

Mimi wakati huo nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nimeambiwa na wenzangu wa kupiga picha kwamba ile dizeli ya zamani, ambayo tulidhani imeshawekwa kando, imeonekana Nanyuki ikivuta matangi ya mafuta. Na mimi nilikuwa natafuta picha moja ambayo sijawahi kuipata.

Wenyewe wanaiita pacing. Gari lako linaenda sambamba na treni, mwendo ule ule, wewe unapiga picha kwa dirisha. Ikikubali, treni inatoka imetulia, hata misumari unaiona, lakini nyasi na miti yote inakuwa mistari tu. Unaona mwendo wenyewe kwa macho.

Lakini haikubali kama dereva wako hajalingana na treni. Akizidi kidogo au akipunguza kidogo, umepata ukungu. Nilikuwa nimejaribu na madereva wengine, na nina ukungu wa kutosha kufungua duka.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Mwirigi, "Toka kwa nyumba, unipeleke Nanyuki." Tukaomba gari la mjomba, Probox. Mama akatufungia nduma na chupa ya ucuru, ule uji wetu, tukashika njia ya Timau na baridi yake.

Treni tuliikuta stesheni inajipanga kuondoka na matangi matupu. Wakuu, ile dizeli ni nzuri. Rangi yake nyekundu imechujuka ikawa kama tofali lililonyeshewa, na mlango mmoja wa ubavuni ni wa rangi nyingine kabisa, inaonekana ulitolewa kwa mwenzake aliyeaga. Ikiguna, mabati ya vibanda yanajibu.

Kwa mnaotaka kuanza hobi hii, niwaambie mapema: uliza wenye stesheni kwanza, na usiwahi kusimama kwa reli eti unatafuta picha tamu. Treni haiwezi kukukwepa. Mimi hukaa nje ya mpaka wao, na wameshanizoea.

Nje ya mji kuna njia ya vumbi, ya murram, inayoandamana na reli kipande kizuri, inapotea, inarudi, inapotea tena. Siku hiyo ilikuwa tupu kabisa. Nikakaa kiti cha nyuma, mkanda nimefunga, dirisha chini, nikamweleza Mwirigi kazi yake ni moja, kukaa sawa na treni.

Treni ikatufikia. Nikainua kamera.

Nikapiga picha ya mikalitusi. Treni haikuwepo.

Nikageuka, naiona kule nyuma inakuja na mambo yake. Mwirigi alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Aliendelea mpaka njia ikaisha, akaegesha chini ya mti, akazima gari, uso wake unang'aa.

"Tumeipita," akasema.

"Nani alikuambia tuipite?"

Akafikiria. "Si ilikuwa hapo."

Tulikaa chini ya huo mti tukala nduma zote tukiingoja. Nilikuwa nimekasirika, halafu nikashikwa na kicheko, kwa sababu dereva mwenye haraka kuliko wote Meru alikuwa amefunga safari kuja kukutana na treni isiyo na haraka kuliko zote Kenya.

Najua kuna mtu anaandaa kuniletea haraka haraka haina baraka. Mwirigi ameambiwa hiyo tangu nursery. Aliipita pia.

Kipande cha pili alijitahidi. Nilimwona kwa kioo ameuma mdomo. Lakini ule mguu ulikuwa unapanda unashuka kama wa mtu anayeshona kwa cherehani, gari linaruka mbele, linarudi, linaruka. Nikaangalia kamera. Ukungu, ukungu, ukungu, na picha moja ya sikio langu sijui iliingiaje.

Nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo sitaandika hapa kwa sababu mama ana rafiki anayesoma humu.

Yeye aliendesha mpaka mahali njia inakata reli, akasimama mbali na makutano, akaweka mikono kwa usukani.

"Haitaki kukaa, Makena," akasema. "Hii mguu. Hata gari ikiwa tupu naskia mzigo huko nyuma inakauka." Akaupiga huo mguu kofi. "Pengine Madam anasema ukweli. Pengine mimi sifai watoto."

Wakuu, mimi nimemlea huyo kijana mgongoni. Hasira yote iliniisha. Nikaifungua ile chupa, nikamwambia tu, "Kunywa ucuru kwanza."

Akanywa. Treni ikatufikia tena, ikapiga honi pale kwenye makutano, ikapita taratibu mbele yetu. Na ndipo Mwirigi akamwona dereva wake.

Alikuwa mzee mnene wa kofia ya sufu, kiwiko kimetoka dirishani, na mkononi ana kikombe cha chai cha bluu. Anakunywa. Nyuma yake kuna matangi ya chuma mpaka mwisho wa macho, na yeye anapuliza chai ipoe.

"Ona huyo jamaa," Mwirigi akasema polepole. "Ako na hiyo chuma yote nyuma na anakunywa chai."

Akawasha gari.

Kipande cha tatu ndicho kilikuwa cha mwisho, baada ya hapo reli inashuka bondeni na njia haifuati. Mwirigi alisogea nyuma ya treni, halafu ubavuni, behewa kwa behewa, mpaka tukawa sawa na kichwa. Sikumwambia kitu. Macho yake yalikuwa barabarani, lakini kwa pembe ya jicho alikuwa amemshika yule mzee. Naye mzee akatuona. Akatuitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jirani.

Na gari likatulia.

Sijui niwaeleze vipi. Kelele ya dizeli ilikuwa imejaa Probox nzima, vumbi linaingia, na bado ilionekana kama sisi na treni tumesimama, na dunia ndiyo inayopita katikati yetu. Nilipiga picha nikasahau kupumua.

Kabla reli haijashuka bondeni, mzee aliinua kile kikombe, akatuonyesha, kama kusema karibuni. Hapo ndipo nilipoipata ile picha.

Mwirigi alisimamisha gari, akaomba kuona. Aliitazama muda mrefu. Kichwa cha treni kimetulia hadi kutu unaiona, mlango wa rangi nyingine, mzee, kofia, kikombe, na nyasi zote mbele na miti yote nyuma ni mistari mitupu.

"Hii ndiyo nitaonyesha Madam," akasema.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikamsindikiza. Nilikuwa nimeichapisha kubwa. Madam Kanana akavaa miwani, akaiangalia, akaiweka kwa meza.

"Hii ni treni," akasema. "Mimi nilisema nataka dereva."

Nikamweleza. Treni ilikuwa inaenda, angalia nyasi. Ndio kikombe cha huyu mzee kionekane hivi, gari letu lilihitaji kwenda naye sawa, bila kuzidi, bila kupungua, bila kuruka. Dereva wa gari letu ni huyu.

Madam akaichukua tena. Akaisogeza karibu na uso.

"Na hakumwaga chai?" akauliza.

"Hakumwaga, Madam," Mwirigi akasema.

Madam alienda kwa thermos yake, akajimiminia chai mpaka ukingoni, akaiweka kwa kisahani, akatoka nje, akapanda basi la shule, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

"Twende mpaka soko turudi," akasema kutoka huko nyuma.

Wanaojua barabara za Mikinduri wanajua mawe na mashimo yaliyo hapo. Mimi nilibaki getini nimefumba macho naomba. Mwirigi aliniambia baadaye alikuwa anamwona yule mzee wa kofia ubavuni kwake njia nzima. Mwenye punda alitaka kumpita, akamwachia apite.

Walirudi wakati nimeshaanza kuogopa. Madam akashuka, akainua kikombe, akaangalia kisahani. Kilikuwa kikavu. Akainywa chai yote pale pale amesimama.

"Chai imepoa," akasema. "Kesho kuja mapema."

Nililia, wakuu. Nililia kwa geti la shule niliyosomea, na watoto wa darasa la kwanza wananiangalia.

Sasa Mwirigi ni dereva wa basi. Watoto wameliita basi Treni, na wakishuka wanapiga honi kwa midomo. Malalamiko yapo: wazazi wawili walienda kwa Madam kusema dereva anachelewa sana, na nasikia Madam aliwaonyesha picha iliyo ukutani kwake.

Somo nililopata ni dogo. Mtu hawezi kuacha mwendo aliouzoea kwa kuambiwa aache. Apewe mtu wa kwenda naye sambamba.

Na mama siku hizi anazima simu akilala. Nilipiga juzi saa tatu usiku nikaikosa, nikaogopa, kisha nikakumbuka, nikacheka peke yangu.

Haya, uwanja ni wenu. Kama una kaka, mume au mtoto aliyetoka kwa haraka hizi, tuambie ni nini kilimtuliza. Na kama kuna anayemjua mzee mmoja wa treni za mafuta, kofia ya sufu, kikombe cha bluu, tafadhali mwambieni Mikinduri kuna basi zima la watoto ambalo halimjui jina lakini linaenda mwendo wake.