Shilingi ya Mkwe

Celestine Nyanchera hushona sare za shule na majoho ya kwaya, nami nauza viatu duka linalofuata. Ukuta unaotutenganisha ni wa mbao, kwa hiyo mambo yake nayajua, hata yale ambayo sikuyaulizia. Akifurahi huimba nyimbo za Sabato huku anakata kitambaa. Akikasirika hunyamaza, na hapo ni cherehani inayosema. Siku tuliyotoka kwa afisa wa mikopo, cherehani ilisema mchana kutwa.

Alitaka kununua nyumba upande wa Suneka: vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni, na kile chumba kimoja cha nje ambacho watu huwekea magunia ya mahindi. Lakini lazima kwanza nimtaje mama yake, maana bila yeye habari hii ni hesabu tupu.

Mama Bathsheba anatoka Birongo. Alikuwa akiishi peke yake katikati ya migomba, macho yakimpotea kidogo kidogo, na ndugu wa pekee wa Nyanchera alishafariki. Mwaka jana alipasuliwa jicho moja hapa mjini. Daktari akasema asisafiri, alale karibu siku chache. Nyanchera akampeleka kwenye nyumba ya kupanga anakoishi na mumewe, Mose, ambaye ndiye alikuwa akilipa kodi. Mama akaketi kizingitini, hakuonja hata maji. Ilipofika saa kumi akaomba leso yake.

"Nilale kwa mkwe wangu?" akasema. "Nimezeeka, sijapotoka."

Kwetu sisi Abagusii, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawaonani wakila, na mama hawezi kulala chini ya paa la mume wa bintiye. Wengi wameachana na hayo, hasa sisi wa mjini. Mama Bathsheba hajaachana na lolote. Alirudi Birongo siku ileile na bandeji usoni, na uani kwake mwenyewe akakosa ngazi, akaanguka na kuvunjika mkono.

Nyanchera alikuja kulia kwenye kile kibenchi changu cha kujaribia viatu. Akalia mpaka wateja wawili wakaondoka. Kisha akapangusa pua na kusema, "Nitanunua nyumba yangu. Yangu mwenyewe. Hapo hatakuwa na la kusema."

Tukaenda wote kwenye sacco anakoweka akiba. Mimi riba hunichanganya, lakini nina mdomo, na mdomo husaidia ofisini. Afisa alikuwa Lewis Masese, kijana mpole mwenye tai iliyombana shingo. Mkopo ulikuwa milioni tatu, wa miaka kumi na mitano.

"Madam, kuna njia mbili," Masese alisema. "Ya kwanza, unalipa pesa ileile kila mwezi mpaka mwisho. Elfu thelathini na sita. Ya pili unaanza juu, elfu arobaini na sita na kitu, halafu inashuka kidogo kila mwezi, kwa sababu deni likipungua na riba inapungua. Mwaka wa mwisho hata elfu kumi na tisa haifiki."

"Na mwisho wa yote, gani ndiyo nafuu?" Nyanchera akauliza.

"Hiyo ya kushuka. Ile ya sawasawa, miaka ya kwanza pesa yako nyingi inaenda kwa riba, deni lenyewe linapungua polepole sana. Itakukula kama laki saba na sitini elfu zaidi."

"Basi tuandikie ya kushuka," nikasema mimi. "Kwani tuko na wazimu?"

Masese akajikuna shingo. Mapato ya duka, alisema, yanaweza kubeba thelathini na sita. Arobaini na sita hayawezi. "Lakini tukiunganisha na payslip ya mwalimu, inapita leo hii."

Mwalimu ni Mose, anafundisha kemia kule Nyamira na huja nyumbani Ijumaa. Nyanchera alishukuru, akabeba mkoba wake, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani.

Ijumaa ile Mose alikuja moja kwa moja kwenye duka. Nikamsikia akichukua chaki ya kuchorea vitambaa na kupiga hesabu juu ya meza. Mose si mtu mbaya. Ni mtu wa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa.

"Mama Jasper, laki saba na sitini. Hizo ni ng'ombe wangapi?"

"Najua."

"Na ukifika miaka sitini, macho yamechoka, mgongo umechoka, bado unalipa thelathini na sita ileile. Ile ingine ingekuwa imeshashuka zamani. Mimi niko na mshahara. Niweke kumi yangu tu hapo juu, hii miaka ya kwanza."

"Ukiweka hata moja, inakuwa nyumba yako."

"Kwani pesa yangu iko na ugonjwa?"

Niliacha kupanga viatu. Aliumia, na ilisikika. Nasema wazi kwamba wakati huo nilikuwa upande wake. Mwanamume anataka kukusaidia, unamwambia rudisha mkono mfukoni?

Cherehani ikanyamaza. "Mose," Nyanchera akasema, naye huwa hamwiti kwa jina, humwita Baba Jasper, kwa jina la mtoto wao. "Mama alivunjika mkono akikimbia kukuheshimu. Unataka avunjike nini tena?"

 Nikasikia shati likisugua meza: Mose alikuwa anafuta hesabu yake kwa mkono wa shati.

"Na yeye akiwa hapo, mimi nitalala wapi?"

"Kile chumba cha nje."

Akacheka, ila hakikuwa kicheko cha raha.

Sheria inataka mume akubali mkewe anapoweka rehani nyumba watakamoishi, kwa hiyo Mose alilazimika kwenda kutia sahihi. Alimwuliza Masese mara mbili kama sahihi yake ina shilingi yoyote ndani. Masese, ambaye naye ana mama mkwe huko Nyamira, hakucheka. Alimwambia haina. Akamwambia Nyanchera pia kwamba Januari, sare zikiuzika, anaweza kulipa ziada na kupunguza riba. Nyanchera akaitikia kwa kichwa. Alijua anachonunua na alijua bei yake.

Siku ya kuhama Mose alijisahau, akaja na balbu alizonunua Nyamira. Nyanchera akatoa simu, akamtumia pesa zake palepale kabla hajapanda kwenye kiti kuziweka. Niliona kwa macho yangu mwanamke akimlipa mumewe balbu. Nilimtania mwezi mzima.

Mama Bathsheba alipoletwa, aliketi kizingitini vilevile kama mwaka jana. Nyanchera alikuwa jikoni, na niliona jinsi alivyosimama na sufuria mkononi bila kuiweka popote. Mama akanigeukia mimi.

"Wewe si wa ukoo huu, hutanificha. Mkwe wangu ameweka nini humu?"

"Sahihi tu, mama."

"Sahihi inaezeka nyumba?"

"Haiezeki."

"Na taa hii?"

"Imelipwa. Nilikuwepo."

Akawaza. Kisha akaomba chai. Akanywa vikombe viwili, akauliza kitanda kiko wapi, akaingia kulala mchana ule na viatu miguuni. Nyanchera alimvua kimoja kimoja, machozi yakimdondoka, wala hakujisumbua kuyafuta.

Kuanzia hapo Mose akawa mpangaji wa wikendi. Alikuja Ijumaa, akazungukia nyuma, akala chumba cha nje, akalala miguu ikipita kitanda. Mama akisikia lango, alivuta mlango wa chumba chake. Hawakuonana. Mimi nilikuwa nikimwuliza Nyanchera kama mwalimu mzima hachoki kuishi na magunia. Ilimkaa rohoni.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne nilikuwa kwao baada ya kanisa. Mvua ya mawe ikashuka kwa hasira, ile inayochana majani ya migomba. Mabati ya chumba cha nje yalikuwa na tundu ambalo fundi alikuwa ameahidi kuziba. Mara tukamwona Mose anatoka na godoro kichwani, anajibanza ukutani karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo paa halifuniki hata kuku.

Nyanchera alifungua mlango. "Ingia!"

"Mama yuko hapo," Mose akasema kwa sauti ya chini, wala hakusogea. Maji yalikuwa yanamwingia shingoni.

Nyanchera akabaki ameshika mlango, anamtazama mumewe, kisha mama yake kwenye kiti, kisha mumewe. Alikuwa amekubali kulipa laki saba na sitini zaidi ili asisimame mahali kama pale, na alikuwa amesimama.

Mama Bathsheba hakugeuza uso. Macho yake yaliangalia ukuta.

"Nyanchera. Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Yako kweli?"

"Yangu kweli."

"Basi huyo hapo nje ni mgeni wako. Ni nani alikufundisha kuacha mgeni kwa mvua?"

Akainuka, akapapasa ukuta hadi chumbani kwake, akavuta mlango. Kisha tukasikia sauti yake kutoka ndani, akisema chakula chake aletewe huko, na huyo mtoto wa watu apewe cha moto.

Mose akaingia na godoro kichwani, akaweka maji sebule nzima. Nyanchera alimkalisha, akamvua soksi na kuzikamua yeye mwenyewe, nami nikajifanya natafuta mwavuli.

Mwisho wa mwezi Nyanchera alienda kulipa, na safari hii Mose alimsindikiza, wakapanga foleni pamoja. Alilipa elfu thelathini na sita, sawa na mwezi uliopita na sawa na mwezi unaofuata. Mose hakuuliza tena hizo laki saba zinaenda wapi.